Majivu ya Mzee

Kengele ya kumaliza ilipogongwa, watu wote ukumbini walifumbua macho kwa pamoja, wakakuta wameibiwa mbele ya pua zao. Chini ya sanamu ya Budha, pale kilipokaa chungu kidogo cha shaba chenye majivu ya Mzee, mwanzilishi wa kituo kile cha kutafakari, palibaki duara safi katikati ya vumbi la udi.

Mpelelezi aliwasili saa tano asubuhi, pumzi zikiwa nyuma yake ngazi kadhaa. Hekalu lilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo, na lifti ilikuwa imekufa kabla ya Mzee. Alikuwa mwanamke mnene anayekaribia kustaafu, na hakuwahi kupata mashahidi wengi hivyo wasioona kitu. Saa nzima walifumba macho, tena kwa hiari yao.

"Mwizi tunaye," alisema mtawa mkuu kwa sauti ya kubembelezea mtoto. "Hapa hatumchukii mtu, Afande. Lakini mfunge."

Aliyekusudiwa ni mama msafishaji, ameketi koridoni kando ya ndoo yake. Konstebo alikwisha kumvisha pingu. Hoja ya mtawa ilikuwa fupi: mlango wa jengo ni mmoja, mlinzi hakuingiza mtu wala kumtoa, na asubuhi ile ni huyu peke yake aliyekuwa na macho wazi.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuona," msafishaji alimwambia mpelelezi. "Haya mwanangu, nami nikifumba, sakafu atapiga deki nani? Budha?"

Mikoba ilikuwa imekaguliwa yote. Ndoo ilimwagwa, mito ya kukalia ikabinywa mmoja mmoja. Chungu hakikuonekana.

Mpelelezi alishuka tena, magoti yakimlaani, akamhoji mlinzi aliyeketi chini kando ya rafu ya viatu. Huyu alikuwa na maneno kuliko redio. Alisema alisikia kengele, kisha makelele, kisha binti mmoja wa shali ya kijivu akashuka mbio wa kwanza kabisa, ngazi mbili mbili, akamwambia afunge geti mwizi asitoroke. Alipogeuka kutoka getini ndipo wengine walipokuwa wakiteremka, wameshika ukuta kama ndama waliozaliwa jana.

"Yule anafaa jeshini," alisema mlinzi. "Na ni mgeni, leo ndiyo siku yake ya kwanza. Ila kichwani sijui. Jua lote hili kaja na mabuti ya mvua."

Mpelelezi alicheka, akapanda.

Viti humo hakuna, kwa hiyo aliwahoji wengine akiwa kwenye mto, miguu ameikunja kama wao. Fundi saa alimshuku mwenye jengo, anayewataka wahame. Mwalimu mmoja mstaafu alishuku hekalu la mtaa wa pili, kwa wivu tu. Mwenye jengo alipigiwa simu. Alikuwa amelazwa hospitali tangu juzi. Watu wa hekalu la mtaa wa pili asubuhi hiyo walikuwa wamefumba macho na wao.

Alipotaka kusimama, miguu ilikataa. Ilikufa ganzi mpaka kiunoni, akamwangukia konstebo kama gunia.

"Kila mgeni yuko hivyo," mtawa alimfariji. "Mwili huchukua miaka kuzoea."

Mpelelezi alibaki pale sakafuni, mdomo wazi. Halafu akasema wote washuke chini, kwenye rafu ya viatu.

"Dada," alimwambia binti wa shali ya kijivu, "ulikaa saa nzima?"

"Nilikaa."

"Mimi nimekaa nusu saa, nusura nimuue huyu konstebo. Wewe siku ya kwanza umeshuka ngazi mbili mbili. Miguu yako haikuwa na ganzi kwa sababu haikukaa. Na mlinzi alipogeukia geti, ulibaki peke yako na viatu."

Akaingiza mkono ndani ya buti la mvua, akatoa chungu.

Mtawa alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Katika nyumba ile hata unyayo hauelekezwi kwenye sanamu. Walibinya mito, wakamwaga ndoo, lakini hakuna aliyeweza kufikiri kwamba Mzee angetiwa kiatuni.

Binti alizitazama pingu za msafishaji. "Mfungueni mama huyu. Sikujua mtamshika mtu. Ni mimi, na huyo ni baba yangu."

Alieleza kwa sauti kavu. Baba aliondoka nyumbani yeye akiwa darasa la pili, akaja mjini kutafuta amani. Mama alizikwa mwezi uliopita, akaacha neno moja: mahali pa ubavuni pake ni pa mume wake. Binti aliandika hapa mara mbili kuyaomba majivu, akajibiwa kuwa Mzee alikuwa ameiacha dunia.

"Dunia yenyewe," alisema, "ilikuwa mimi na mama."

Mpelelezi alifunua kifuniko, akanusa. Akachokoa kwa kidole, akaibua kijiti chekundu cha udi, halafu kingine. Akamtazama mtawa.

"Mahekalu yote ya mji huu yaliomba sehemu," mtawa alisema, na safari hii sauti ilimtoka kweli. "Utamnyimaje ndugu yako baraka? Kijiko hapa, kijiko pale. Siku moja tukakuta kitupu, na watu wanakisujudia. Tukajaza."

Binti alikichukua chungu mkononi mwa mpelelezi, akakigeuza, majivu ya udi yakamwagika miguuni pa mtawa. Mpelelezi hakumzuia. Mashtaka? Mtawa alitikisa kichwa. Hakutaka neno hilo lifike mahakamani.

"Mahekalu yaliyopewa ni mangapi?" binti aliuliza.

"Mengi."

"La karibu?"

"Mtaa wa pili. Vuka barabara."

Alivaa mabuti yake, akachukua chungu kitupu, akatoka juani.

Msafishaji alijisugua vifundo vya mikono palipokuwa na pingu, akainuka kutafuta ufagio. "Wao huja kutafuta amani," alimwambia mpelelezi, "mimi huachiwa taka."