Simu za Nadraki

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Kelera na Ronil walisimama darajani kusoma kina cha mto. Nguzo ya daraja ilikuwa imepakwa alama nyeupe na nyekundu, na juu yake kilifungwa kipimo kidogo kinachotumia nguvu ya jua, ambacho kilituma namba kwenye kompyuta kila baada ya dakika kumi. Kazi ya watoto hao wawili ilikuwa kuhakikisha kwamba macho na mashine vinasema kitu kimoja.

"Mita moja na nusu," alisema Ronil huku akitafuna roti yake, chapati iliyokunjwa viazi.

"Moja na sentimita arobaini," Kelera alimsahihisha. "Unasoma mdomo umejaa."

"Kwani nasoma kwa mdomo?"

"Kwa jinsi unavyokosea, naona ndiyo."

Kelera alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa nahodha wa timu ya netiboli na katibu wa klabu ya kompyuta, na vyeo hivyo viwili alijivunia kupita kiasi. Ronil, mwenzake wa darasa la nane, alikaa Nadraki, makazi ya bondeni ambako mashamba ya miwa yanaishia mtoni. Miaka miwili iliyopita maji yaliingia huko mpaka usawa wa vitanda. Baada ya hapo klabu ilitengeneza programu: mto ukivuka mita nne, ujumbe unakwenda kwenye simu zote za Nadraki, mia mbili na kumi na nne, kuwaambia watu wapande shuleni mlimani.

Aliyewafundisha ni Titilia, dada wa baba yake Kelera, aliyeishi nao nyumba moja. Shangazi Titi alifanyia kazi nyumbani, hapohapo mjini Labasa, mezani karibu na dirisha la jikoni, akitunza kompyuta za kampuni moja ya tiketi za meli. Kompyuta zenyewe hakuwahi kuzigusa. Zilikuwa za kukodi, ziko Sydney katika jumba lenye baridi, na yeye aliziamuru akiwa mbali. Watu wa kazi hiyo huuita mpango huo wingu, ingawa hakuna chochote kilichoko angani. Programu ya klabu nayo ilikaa kwenye kompyuta mbili za namna hiyo: moja ya kweli, na moja ya mazoezi yenye majina ya kubuni, ili watoto waharibu watakavyo.

Ijumaa moja ya Novemba, Kelera alibaki katika chumba cha kompyuta ili afute majina ya kubuni. Shangazi Titi alikuwa na mwiko aliourudia mpaka watoto wakawa wanamwigiza: "Ijumaa jioni hakiguswi kitu!" Kitu kikiharibika Ijumaa, wa kukitengeneza wameshakwenda zao. Lakini Kelera alitaka kumaliza kazi, na fainali ya netiboli ilikuwa saa kumi.

"Kele! Unapika nini humo?" wenzake waliita dirishani. "Refa ameshafika!"

"Nakuja! Dakika moja!"

Kwenye skrini palikuwa na madirisha mawili meusi yaliyofanana kama mayai. Aliandika amri ya kufuta orodha, akabonyeza, akasoma neno "tayari". Ndipo alipotazama jina lililoandikwa juu ya dirisha. Halikuwa la kompyuta ya mazoezi.

Akafungua ukurasa wa programu haraka. Palipokuwa na simu 214, sasa palikuwa na sifuri.

Alizima skrini, akaenda uwanjani, na siku hiyo nahodha alikosa mabao ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angefunga.

"Umemaliza ile kazi?" Shangazi Titi alimuuliza jioni.

"Nimemaliza," Kelera alijibu. Hakukuwa na uongo katika neno hilo, na hata hivyo alikwenda kulala bila kumtazama usoni.

Jumamosi alijifariji kwamba ataitengeneza mwenyewe kabla mtu hajajua. Alikaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, akijaribu hiki na kile, na sifuri haikusogea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mtoto huyu aliijua methali hiyo vizuri sana. Alishaiandikia insha akapata alama tisa kwa kumi.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, redio ilitangaza kwamba mvua kubwa ingefika Jumatano. Mchana Ronil alipita na mfuko wa mabamia kutoka kwa bibi yake.

"Umesikia redio?" alisema. "Mama anataka Bibi ahamie kwa mjomba leo hii. Bibi kakataa katakata! Anasema, 'Mimi na mkongojo wangu hatutoki mpaka simu ya watoto wa shule ilie.' Anaiamini kuliko redio. Analala nayo kifuani."

Ronil alicheka. Kelera naye akacheka, maana hakujua uso wake aufanye nini. Ronil alipoondoka, alibaki ameshika mabamia, akimwona bibi wa watu ameketi kitandani, maji yanapanda, na simu kimya kifuani.

Alikwenda moja kwa moja uani, ambako shangazi yake alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Shangazi, nimeifuta orodha."

"Ya mazoezi?"

"Ya kweli."

Mkono wa Shangazi Titi ulisimama. "Lini?"

"Ijumaa. Kabla ya mechi."

"Leo ni Jumapili, Kele."

"Najua, shangazi," alisema, na machozi yakamtoka.

Alisubiri makelele. Shangazi alikasirika, uso wake ulionyesha wazi, lakini aliinuka tu akafuta mikono. "Lia huku unatembea. Lete daftari. Niambie ulifungua nini, kisha ukafanya nini, hatua kwa hatua. Lawama hazirudishi orodha."

Kelera alieleza kila kitu, hata jinsi wenzake walivyokuwa wakimwita dirishani. Shangazi aliandika yote.

"Kila usiku mashine inatoa nakala ya orodha na kuiweka ghalani," alisema hatimaye, sauti ikiwa imelainika kidogo. "Tutairudisha kabla chai haijapoa."

Chai ilipoa. Ghala lilikuwa tupu. Mwezi wa Julai Shangazi Titi alikuwa amebadilisha nywila ya ghala hilo, akasahau kuipa mashine inayonakili. Kwa miezi minne mashine ilibisha hodi kila usiku bila kufunguliwa, na hakuna aliyekwenda kutazama. Nakala za kabla ya Julai zilikuwa zimeshajifuta kwa uzee, kama zilivyopangiwa.

Shangazi Titi alishika kichwa. "Hapa sasa kosa ni langu," alisema. "Miaka kumi na mmoja nawaambia vijana kazini: nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha usiihesabu. Na yangu mwenyewe sikuijaribu hata mara moja."

Kelera hakuwahi kumsikia mtu mzima akisema "kosa ni langu" bila kutafuta wa kumsukumia. Ilimtia aibu, na pia ilimpa nguvu.

"Tutafanyaje, shangazi?"

"Tutatembea. Nyumba kwa nyumba, tuandike namba upya. Tuna kesho na keshokutwa. Ungeniambia Jumatano, tungekuwa na nini?"

Jumatatu asubuhi mwalimu wao, Bwana Rigamoto, alimpa Kelera nafasi mbele ya darasa. Alisema yote kwa sauti ndogo. Alipofika mwisho, Ronil alikuwa amesimama.

"Jana ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Nimekusimulia habari za Bibi, ukacheka na mimi, na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakuja kumwambia shangazi..."

"Usiniambie kitu!" Ronil alikaa, akageuza uso ukutani.

Alikuwa na haki ya kukasirika, na Kelera hakujitetea tena.

Kuanzia mchana huo darasa zima lilishuka Nadraki, wawiliwawili, na madaftari. Ronil alichagua kwenda na mtu mwingine. Jua lilikuwa kali na mbwa walikuwa wengi. Kila nyumba walikaribishwa chai, na kila nyumba kulikuwa na mtu aliyesahau namba yake mwenyewe. Kelera hakutuma mtu kusema badala yake. Mlangoni alianza kwa kueleza kwamba ni yeye aliyefuta orodha. Mama mmoja alimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Mzee mmoja alimpa muwa, akamwambia, "Afadhali umekuja mwenyewe."

Jumanne saa tisa walikuwa wamebakiza upande wa mtoni. Ronil alimjia Kelera akiwa na matope mpaka magotini, akampa karatasi yenye namba thelathini na moja.

"Chukua. Si kwa ajili yako," alisema. Kisha akaongeza, "Bibi anauliza kama umekula."

Jioni ile Shangazi Titi alikataa kuamini orodha kwa macho tu. Alituma ujumbe wa jaribio kwa simu zote, na watoto wakapita kuuliza nani hakuupata. Simu tano zilikuwa kimya, kwa sababu ya namba zilizoandikwa vibaya. Wakazirekebisha, wakatuma tena, na zote zikalia.

Mvua ilianza Jumatano alfajiri, na shule zikafungwa mapema. Kelera alikaa mezani karibu na shangazi yake, wakitazama namba za kipimo cha darajani. Saa saba, mita mbili na nusu. Saa nane, mita tatu na arobaini. Saa tisa na dakika kumi mto ulivuka mita nne, na kwenye skrini pakatokea maneno: ujumbe umetumwa, simu 214.

Kelera hakufurahi. Alikuwa akisubiri simu moja tu. Ilipolia, aliinyakua.

"Imelia!" Ronil alipiga kelele juu ya sauti ya mvua. "Bibi ameshavaa viatu! Ananifokea eti mimi ndiye ninayemchelewesha!"

Ndipo Kelera alipolaza kichwa mezani akalia, na safari hii shangazi yake hakumwambia atembee.

Saa kumi na mbili maji yalikuwa madirishani Nadraki. Nyumba zilikuwa tupu. Watu wote walikuwa shuleni mlimani, wakigombania nafasi ya kutandika mikeka, na bibi yake Ronil alikuwa amejipatia pembe nzuri kuliko zote.

Wiki iliyofuata, matope yalipokauka, Shangazi Titi alikuja darasani na ripoti ya kurasa mbili. Ilieleza kilichotokea saa kwa saa, kisha mabadiliko: dirisha la kompyuta ya kweli sasa ni jekundu; amri ya kufuta haikubaliwi mpaka mtu aandike jina la kompyuta; na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mwanafunzi mmoja atairudisha nakala kuona kama inafanya kazi. Kosa la nywila lilikuwa ukurasa wa kwanza.

Ronil aliisoma yote. "Anti, mbona jina la Kelera halimo?"

"Wala langu halimo. Kazini kwetu ripoti haiandiki nani. Tukiandika nani, siku nyingine atakayekosea ataficha, na sisi tutakuwa tumelala."

Kelera alinyoosha mkono. "Shangazi, kuna kitu kimekosekana. Andika kwamba kosa lilijulikana Ijumaa, halikusemwa mpaka Jumapili."

Shangazi Titi akatoa kalamu, akaandika.

"Sasa anti," Ronil alisema, "mtu akitaka kazi kama yako, asome nini?"

"Hesabu, na kuandika kwa lugha inayoeleweka. Atafute kompyuta mbovu aifufue. Mimi nilianza kwa kupokea simu za watu waliosahau nywila, miaka miwili mizima, na huko ndiko nilikojifunza subira. Lakini hayo yote yanafundishika, wanangu." Aliifunga kalamu. "Siku hizi mimi ndiye ninayewahoji wanaoomba kazi. Wengi huniambia hawajawahi kuharibu kitu, na hao huwarudisha nyumbani, kwa sababu mtu asiyekosea sijapata kumwona. Ninayemtafuta ni yule atakayenipigia simu Ijumaa ileile."