Jini Asiyependa Ndala

Kwanza lilimtekenya tu. Sundus alikuwa akipangusa vumbi kwenye sanduku la upepo, lile bati kubwa la dirishani lenye feni, pampu na nyasi za kulowa maji za kupoza hewa, ambalo bila hilo kiangazi cha Basra hakikaliki. Akahisi kama sisimizi wanatembea ndani ya vidole vyake. Akasikia harufu ya kutu na ya kitu kilichoungua. Siku nyingine likamuuma mpaka kitambaa kikamtoka mkononi.

"Mbona sisi wengine halituumi?" aliuliza mama mkwe wake, Bi Fakhriya, kiganja chake kimetulia juu ya bati. "Jini huyu ana mtu wake."

Nani asiyejua maana ya maneno hayo? Mke mwenye jini hurudishwa kwao, na mtoto hubaki kwa baba. Sundus alikuwa na mtoto mmoja tu, Rusul, hata shule hajaanza.

Basi akaanza kumchunguza huyo jini. Haji kwa umeme wa serikali hata siku moja; huja ukikatika, ukaingia wa jenereta ya mtaa. Tena ukivaa ndala hakuumi. Bi Fakhriya havui ndala kwa sababu ya magoti yake, na Ghazwan, mwanawe, ni mtu wa viatu. Wanaokanyaga sakafu iliyolowa kwa miguu mitupu ni Sundus na Rusul.

Sundus alikuwa binti wa fundi umeme. Akamvuta mumewe jikoni.

"Baba Rusul, ni nyaya," akanong'ona. "Ule wa kijani, wa kinga, hujauzamisha ardhini. Umeufunga na waya unaorudisha umeme. Na wa jenereta si umeunganisha wewe mwenyewe? Umezigeuza nyaya zake, mume wangu. Ikiwaka jenereta, ule wa kurudisha unakuwa wa moto, na bati zima lina moto."

Ghazwan alikuwa amekataa fundi, akajitapa mtaa mzima kwamba umeme wa nyumba yake kaufunga kwa mikono yake. Akabadilika rangi. Alielewa, jamani, alielewa palepale!

"Nyamaza," akasema. "Mama asikusikie."

Waya hakuugusa. Akaletwa Mulla Shakir, mtoa majini, na mfuko wa chumvi.

"Vueni viatu wote," Mulla akaamuru adhuhuri hiyo. "Maji haya ya chumvi nimeyasomea, yamwagwe kwenye bati na sakafuni. Mama mwenye nyumba, weka kiganja hapo umwamuru atoke." Mwenyewe akapanda juu ya kochi.

Bi Fakhriya akavua ndala zake, akaweka kiganja kwenye bati. Umeme wa serikali ulikuwa umekatika, joto limejaa chumbani hadi pumzi zinapatikana kwa shida, na maji ya chumvi yakitiririka kwenye bati na kupenya katikati ya vidole vya miguu ya yule bibi mzee, na huko nje jenereta ya mtaa ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena na kuanza kunguruma, Mulla akapaza sauti kwamba huyo, huyo anakuja, na Bi Fakhriya, jasho linamtoka, akamwambia mwanawe ageuze swichi ya kuingiza umeme wa jenereta wapate hewa, na Ghazwan akaenda ukutani, akaishika, akasimama.

"Usigeuze!" Sundus akapiga kelele. "Wallahi usigeuze! Mtoe mama kwanza! Si unajua!"

Wote wakamtazama Ghazwan. Neno "ngojeni" lingetosha, lakini wangemuuliza kwa nini. Atafinywa kidogo tu, akajiambia, kama Sundus anavyofinywa. Akageuza.

Bi Fakhriya hakulia. Kiganja kilinata, meno yakagongana, mwili ukatetemeka umesimama wima, mpaka Sundus alipomsukuma Ghazwan na kuizima swichi. Mzee akaanguka. Hakuinuka tena. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

"Mmemsikia mke huyu?" Mulla akanong'ona kutoka kwenye kochi. "Alijua jini wake anakuja."

"Waambie," Sundus alimwambia mumewe. "Waambie kuhusu waya."

Ghazwan alikuwa amemkumbatia mama yake, analia machozi ya kweli. "Ni jini wa mke wangu," akasema, bila kuinua uso.

Sundus akarudishwa kwao, mji wa Zubair, hata matanga hayajaisha. Rusul aling'ang'ania abaya lake mlangoni, wakambandua. Siku hiyohiyo Ghazwan akajifungia ndani na koleo, akaukata waya wa kijani, akautupa. Sanduku likatulia. Majirani wakasema, si mnaona, kaondoka na jini wake! Hakuna aliyeuliza bati lile limebaki na kinga gani, na pampu yake kuukuu inashinda ndani ya maji, siku yoyote yaweza kuvujisha umeme kwenye bati.

Kiangazi kikielekea ukingoni, simu ya Sundus ikalia. Alikuwa Rusul, kaiba simu ya baba yake, ananong'ona.

"Mama, lile sanduku limeanza kunitekenya."

"Usiliguse! Vaa ndala, mwanangu, sasa hivi. Umemwambia baba?"

"Nimemwambia. Kasema nisimwambie mtu." Rusul akaisogeza simu mdomoni. "Mama, kwani na mimi nina jini?"