Ng'ombe wa Mfuko wa Saruji

Mkaa ulikuwa umelowa. Justa alipuliza hadi machozi yakamtoka, jiko likazidi kufuka moshi tu. Jua lilikuwa linazama, umeme wa mgao ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na mafuta ya taa yaliyobaki chupani yalitosha koroboi peke yake.

Akaingia ndani kutafuta karatasi.

Mchana kutwa yeye na binti zake wawili walikuwa wamekaa sakafuni wakitengeneza wanyama. Mwalimu wa Winnie alitaka wanyama watatu wa karatasi ifikapo Jumatatu. Justa aliomba mifuko mitupu ya saruji kwa mafundi wa jirani, akaikung'uta, akapika uji mzito wa kugandishia. Wakapata tembo, mbuzi, na sungura aliyefanana zaidi na mbuzi. Kisha Winnie, mwenye miaka minane, akatengeneza wa nne bila msaada: ng'ombe mwenye tumbo kubwa, doa la masizi ubavuni, pembe ya kushoto imelala.

"Huyu si wa shule," alisema. "Ni wa babu."

"Babu yupi? Babu zako wote wamekufa."

"Huyo anayenionyesha pa kukunja."

"Basi mwambie atuletee na mkaa mkavu," Justa akasema. Hellen, mdogo wake Winnie, akacheka hadi akapaliwa.

Sasa wale wa shule walikuwa juu ya kabati. Ng'ombe alikuwa dirishani, peke yake. Justa hakusita. Ana watoto wenye njaa, na karatasi ni karatasi. Alimkunjakunja, akamsokomeza chini ya mkaa, akawasha kiberiti.

Moto ukashika mara moja.

Lakini ile harufu... Haikuwa ya karatasi. Ilikuwa harufu ya ngozi na manyoya yanayoungua. Na ndani ya jiko kitu kiliguna, kwa sauti nzito, ya kuvuta.

"Mama!" Hellen aliita kutoka ndani. "Winnie ameanguka!"

Winnie alikuwa amelala chali mkekani, macho wazi, hapepesi. Mwili ulikuwa wa moto hata Justa akaondoa mkono. Malaria, alijiambia. Malaria tu. Alikuwa anapekua kopo la dawa akitafuta klorokwini aliposikia kengele.

Kengele ya ng'ombe. Hapo Nyakato, katikati ya nyumba za kupanga za wafanyakazi wa viwandani, ambako hakuna aliyefuga hata mbuzi.

Ngo... ngo... ngo...

Ikanyamaza mlangoni.

"Hodi."

Alikuwa mzee mrefu, amejifunga blanketi, mkononi ana fimbo ya kuchungia. Blanketi lilichuruzika maji. Chini ya miguu yake sakafu ilikuwa kavu.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia.

"Nimefuata ng'ombe wangu."

"Umepotea, mzee. Huku hakuna ng'ombe."

"Yule wa dirishani."

"Yule... ameungua."

Mzee alichungulia ndani, akamtazama Winnie pale mkekani kwa muda mrefu.

"Basi nitaondoka na mchungaji."

Winnie akainuka. Macho yaleyale, hayapepesi. Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Justa akamkamata kiunoni kwa mikono yote miwili, na mtoto yule mwembamba akamburuta kama anavuta mkokoteni mtupu.

"Subiri!" Justa alilia. "Nitakutengenezea mwingine!"

"Kabla giza halijaingia," mzee alinong'ona.

Winnie akasimama palepale, kama mti.

Justa akapasua mfuko. Uji ulikuwa umeshaanza kuganda sufuriani. Nje wekundu wa jua ulikuwa unafifia upande wa ziwani.

"Doa huku, mama," Hellen alinong'ona. "Hapana, ubavu huu. Na pembe ilale."

Justa alipaka masizi kwa kidole. Akalaza pembe. Akampa mzee kwa mikono miwili, huku amepiga magoti.

Mzee akambonyeza ng'ombe tumboni kwa kidole gumba.

"Mwepesi," alisema.

Akageuka. Ngo... ngo... ngo... Mpaka sauti ikapotea.

Winnie akaporomoka mkekani, jasho likamtoka, akalala.

Asubuhi mbele ya mlango palikuwa na kinyesi cha ng'ombe, kibichi. Justa alikizoa kwa koleo, akakitupa, hakumwambia jirani yeyote.

Jumanne jioni mumewe, Ndalahwa, alirudi kutoka Geita, alikokwenda kuchimba dhahabu baada ya kiwanda kupunguza watu. Justa alimsimulia yote. Alitegemea acheke.

Ndalahwa hakucheka. Aliweka kikombe cha chai chini.

"Pembe ya kushoto?"

"Ya kushoto."

"Ni ng'ombe wa marehemu babu Nkwabi. Ukoo uliutengea mzimu wake, huko kijijini. Hauzwi, hachinjwi." Akainamisha kichwa. "Nilimpeleka mnadani, Justa. Nilipopunguzwa kazini. Sikumwambia mtu."

"Sasa ameshapata wake. Yameisha."

Winnie, aliyekuwa akichora kwenye daftari, akainua kichwa.

"Mama, uliweka na ndama?"

"Ndama gani?"

"Nilimkunja mdogo, nikamtia tumboni. Babu alisema lazima awemo."

Ndalahwa akajifunika uso.

"Alikuwa na mimba," alisema.

Justa akaangalia dirishani. Jua lilikuwa linazama. Alianza kupasua mfuko wa saruji kabla hata hajajua anachokifanya, akachota uji wa watoto wa jioni, akakunja kipande kidogo, miguu minne, haraka, haraka...

Ngo.

Nje. Kengele ya sauti nyembamba kuliko ile ya kwanza, kama ya kuvishwa ndama.

"Hellen yuko wapi?" Ndalahwa aliuliza.

Alikuwa anacheza mlangoni. Muda huu huu. Kandambili zake zilikuwa pale, moja juu ya nyingine.

"Hellen!"

"Abee, mama!"

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba za jirani. Justa akakimbia, ndama mkononi, uji ukimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Hellen! Simama hapo hapo!"

"Abee, mama!"

Sasa ilitoka ng'ambo ya barabara, upande wa ziwani. Ya furaha. Ya mtoto aliyeshikwa mkono.

Giza lilikuwa linaingia.