Kiti cha Mwenyeji

Kiti cha kichwani mwa meza kilikuwa na joto. Si joto la kuunguza, ni lile vuguvugu linalobaki mtu akiinuka mara moja kufuata chumvi. Msusi aliondoa mkono, akaurudisha, akatazama huku na huku. Alikuwa anaishi peke yake, na ndiyo kwanza alikuwa ameamka.

"Jua hilo," alijiambia, ingawa pazia la upande ule lilikuwa bado limefungwa.

Tuseme ukweli, mwanamke huyu hakutaka kusikia baya lolote kuhusu meza ile. Miaka yote aliyopanga chumba kimoja alikuwa akila kwa marafiki zake, nao wakimtania, "Kwako tutakuja lini, tukishang'oka meno?" Alicheka nao, lakini rohoni ilimchoma. Aliogopa kwamba ipo siku wangeacha kumwalika, kimya kimya, bila hata ugomvi. Basi akawa anaota meza. Mikono inasuka kichwa cha mteja, akili iko kwenye miguu ya meza, iwe minene au myembamba. Alipopata nyumba yenye sebule, kabla hata ya kununua kitanda cha maana, alikwenda kwa seremala. Ikatoka meza ndefu, nyeusi, iliyopigwa msasa mpaka ungeweza kuilalia shavu.

Sasa kosa lake. Msusi yule hakuwahi kugusa kichwa cha mtu kwa mtindo mpya kabla ya kuujaribu kwenye kichwa cha plastiki. Ndivyo alivyofundishwa kazi. Basi, baada ya kuwaalika marafiki zake chakula cha Jumapili, na ukarimu nao akaufanyia mazoezi. Ijumaa jioni alibeba vichwa vya saluni, vile vyenye nywele ndefu na macho ya kuchorwa, akaweka kimoja mbele ya kila kiti cha mgeni, akakiita kila kimoja jina la rafiki yake. Akapakua chakula cha kweli. Akazunguka na jagi la maji akisema, "Karibuni jamani, msione haya." Kiti cha kichwani, chake mwenyewe, kilibaki kitupu, maana yeye alikuwa mbio mbio kuhudumia. Mpaka anakwenda kulala hakuwa amekikalia.

Jumamosi ndiyo akakuta lile joto. Akapuuza, akaenda kazini.

Aliporudi jioni, harufu ilimpokea mlangoni: nywele zilizoungua, na juu yake manukato matamu ya kutia kichefuchefu. Vichwa vyote vilikuwa vimegeuka kutazama kiti cha kichwani. Na vilikuwa vimesukwa. Alikisogelea kimoja, akashika ncha ya msuko, akauachia haraka, kwa sababu fundo lile dogo la kumalizia, la kurudisha uzi ndani mara mbili, lilikuwa fundo lake yeye, alilobuni mwenyewe na kumficha kila mtu, hata wasichana aliowafundisha.

Alijifungia jikoni, akampigia simu rafiki yake wa tangu shule, muuguzi.

"Shoga," alinong'ona, "kuna mtu kwangu."

"Mtu gani? Mwizi?"

"Sijui. Anasuka kama mimi."

Muuguzi akacheka. "Umechoka wewe. Usije ukatuahirishia kesho, bwana. Wenzako wameshaanza kusema hiyo meza ni ya hadithini tu."

Msusi hakuweza kuahirisha. Akakata simu, na ndipo aliposikia sebuleni kiti kikivutwa, kijiko kikigonga sahani, kisha sauti nzito yenye mikwaruzo ikiyataja majina ya marafiki zake, moja baada ya jingine, ikikosea, ikirudia, ikipunguza ukali, ikipanda kidogo, ikilainika, mpaka ilipofika kwenye jina la muuguzi haikuwa tena sauti ya kigeni bali sauti yake yeye mwenyewe, na kile kicheko chake cha puani kikafuata. Msusi akatoka kwa mlango wa nyuma bila viatu, akalala saluni.

Jumapili asubuhi alikuwa kwa mganga, mama mmoja mnene aliyemkuta akifua uani.

"Ulipowakaribisha hao watu wa plastiki," mganga aliuliza, akikamua shuka, "wewe ulikaa wapi?"

"Sikukaa, mama. Nilikuwa nahudumia."

Mganga akaacha kukamua. "Kwa hiyo wageni uliwaita kwa majina, chakula ukapakua, na kiti cha mwenyeji ukakiacha wazi?"

"Ndiyo."

"Huyo hakuja kula, mwanangu. Amekuja kukaribisha watu." Akashusha sauti. "Kimbia. Ukae pale kabla mgeni hajavuka mlango. Akikutangulia, mimi sina dawa."

Alikimbia. Saa ya chakula ilikuwa bado mbali, lakini marafiki zake wale, ambao hata kwenye harusi hufika watu wakikunja viti, siku hiyo walikuwa wamewahi. Viatu vyao vilijaa mlangoni. Vicheko vilisikika mpaka barabarani.

Alichungulia dirishani, akaiona karamu aliyoiota miaka yote, sahani zimejaa, rafiki yake mwalimu anapiga meza kwa kucheka, muuguzi anafuta machozi ya furaha, hakuna anayetazama saa, na kichwani mwa meza, amevaa gauni lake la buluu na kusukwa vizuri kuliko alivyowahi kusukwa, alikaa yeye mwenyewe. Mwenyeji yule akainua macho, akamwona, akatabasamu, kisha akamgeukia jirani yake na kumwongezea mchuzi.

Msusi aligonga mlango kwa ngumi zote mbili. Ukafunguliwa na muuguzi, bado anatafuna.

"Shoga, tokeni!" alilia, akimshika mikono. "Tokeni humo, yule si mimi!"

Muuguzi alimtazama usoni, akitafuta sura anayoijua, asiione. Kisha akajinasua taratibu, kwa upole ule wanaofanyiwa wagonjwa.

"Nani huyo?" sauti ya mwenyeji iliuliza kutoka ndani.

"Simjui," muuguzi akajibu. "Dada wa watu, amepotea nyumba." Na akafunga mlango.