Kaburi la Mama Tumpale

"Sasa mimi niliyekufa, niwe nakaa wapi?"

Mama mdogo Atuganile aliuliza hivyo huku akicheka, asubuhi ya jua zuri pale Nanyala, amesimama kando ya shimo na msalaba wenye jina lake. Wazee wa kanisa wakacheka pia.

Kituo cha kanisa kilipokea watoto waliofiwa na wazazi wote wawili, na wafadhili kutoka ng'ambo walikuwa njiani. Tumpale, binti yake wa pekee, alikuwa na baba kaburini tayari. Ili apate shule, kikwazo kilibaki mama. Mwinjilisti Danford akasema mama naye afe, kwa maneno tu, na kaburi lichimbwe la kuwaonyesha wageni. Mnaojua hoja, niambieni: huruma gani inamtaka mama afe ndipo mtoto wake ale?

Mama mdogo alikubali. Aliomba kitu kimoja.

"Mwinjilisti, kwetu Ileje kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Litaita mtu. Tumbukizeni hata shina la mgomba."

Danford akamshika bega. "Mama Tumpale, acha upagani! Sisi tunamwabudu aliyeliacha kaburi tupu."

Haleluya, makofi. Wakarudishia udongo bila kitu.

Wageni walikuja Jumapili. Mama mdogo, aliyefichwa shambani kwenye mibuni, alimsikia mwanawe akililia tuta la kaburi. Kisha mgeni mmoja akaomba na Danford akatafsiri: "Bwana, mpokee Atuganile, alale."

Kanisa zima likaitikia, "Amina." Kwa nguvu.

Kesho yake mashineni alimsalimu jirani yake Gloria. Gloria hakuitikia. Akapanga foleni ya kusaga, mwenye mashine akamruka. Akapanga tena. Akarukwa tena.

Akanipigia simu chuoni. "Mwanangu, watu wamenichunia." Alisema kama mtu aliyejaza kitu mdomoni.

Nilifika Jumamosi mchana. Alikuwa uani, peke yake.

"Unaniona?" alinong'ona.

"Nakuona, mama."

Akalia. Machozi yake yalikuwa mekundu, mazito. Matope.

Nikamshika mkono tukaenda kituoni kumchukua mtoto. Tumpale akaja mbio getini, sare mpya, viatu vinang'aa.

"Shikamoo, dada!"

"Tumpale," mama yake akaita. "Twende nyumbani."

Mtoto akaganda. Akanisogelea sikioni. "Dada, na wewe umesikia?"

"Ni mama yako. Huyu hapa, nimemshika."

Akatazama. Akatazama tena.

"Mama amekufa," akasema, wazi kabisa, kama alivyofundishwa. "Nimemlilia mwenyewe."

Mkono niliokuwa nimeushika ukawa mwepesi. Nikageuka. Hakuna mtu. Kiganjani mwangu kulikuwa na udongo wa baridi.

Nilikimbia hadi kaburini. Danford na wazee walikuwa wameshafika. Kaburi lisilo na kitu halititii hivyo. Lile lilikuwa limedidimia katikati, urefu wa mtu mzima. Na udongo ulikuwa ukipanda. Ukishuka. Polepole, kama kifua cha aliyelala.

"Fukueni!" nilipiga kelele. "Yuko hai humo!"

Nikaanza kufukua kwa mikono. Wazee wakanibeba juujuu kama mzigo.

"Binti, punguza usomi," Danford akanong'ona. Jasho lilikuwa likimtoka. "Wageni wanarudi mwezi ujao. Tuwaonyeshe shimo?"

Akaagiza saruji. Wakasakafia jioni ileile, wakiimba pambio ili wasisikie chini.

Asubuhi saruji ilikuwa imekauka. Juu yake kulikuwa na alama ya kiganja cha mwanamke. Haikubonyea. Imetuna, kama iliyosukumwa kutoka ndani. Wageni waliporudi waliipiga picha, wakaisifu kwamba ni pambo zuri.

Wewe unayenisikiliza, ukipita Nanyala mchana, sauti ya mwanamke usiyemwona ikakusalimu kutoka kwenye mibuni, nakuomba uitikie.