Jezi Zisizofuliwa

Mimi ni mfuaji wa jezi. Miaka tisa nimefulia timu moja, na kama kuna mtu anayewajua wale wanaume kwa undani, ni mimi. Jasho la nahodha linanuka kitunguu kibichi. Winga wa kushoto ananuka chuma, kama sarafu iliyoshikwa muda mrefu mkononi. Kipa, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, ananuka maziwa yaliyoanza kuchachuka, tangu akiwa mtoto. Nifunge macho unipe jezi yoyote, nitakutajia mwenyewe. Si kipaji cha kujivunia, lakini ndicho nilichonacho.

Jumamosi ile, jua likizama, nilikwenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo kuchukua mfuko wa jezi kama kawaida. Tulikuwa tumefungwa tatu bila. Mechi ya kumi na moja hatujashinda. Nje ya geti mashabiki walikuwa bado wanapunga vichujio vya chai, wanamsubiri mdogo wangu. Walimbatiza jina la Chujio, kwa sababu kila mpira ulikuwa unapita. Vichujio vyenyewe vipya. Watu walikuwa wanaingia dukani kabisa, wananunua, ili waje kumtukana navyo.

Mdogo wangu alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Tukishuka daraja, mkataba wake unaisha siku hiyo hiyo, na hakuna timu inayomtaka kipa wa umri huo mwenye jina la chombo cha jikoni. Mama alipofariki aliniachia huyo tu. Nilimlea. Nilimfunga kamba za viatu mpaka akajua mwenyewe kulifunga fundo letu, lile la kuzungusha mara mbili na kuichomeka ncha kwa ndani, ambalo mama alifungia vifurushi vyake. Sijawahi kuona mtu mwingine akilifunga. Sikuwa tayari kumwona anakaa sebuleni kwangu anatazama ukuta.

Chumbani nilimkuta katibu wa klabu na mtu nisiyemjua. Alivaa suti ya mazoezi ya klabu, mpya, kibandiko cha bei bado kinaning'inia kwenye kola. Nikasogea kumsalimia, na pua yangu ikakosa pa kushika. Hakunuka sabuni, hakunuka mafuta, hakunuka mtu. Nilikuwa kama nimempa mkono ukuta.

"Dada Povu," katibu akasema, maana ndivyo wanavyoniita pale, "leo hufui."

"Kwa nini?"

Katibu akatazama viatu vyake. Yule mgeni ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo.

"Timu inatoka jasho, wewe unalimwaga kwenye mtaro. Halafu mnashangaa."

Kwenye chumba changu cha kufulia walikuwa wameshaweka pipa la plastiki la bluu, refu mpaka kifuani, lenye mfuniko wa kubana. Wachezaji waliitwa wakapanga foleni. Kila mmoja alitumbukiza jezi yake ilivyolowa, soksi zake, bandeji zake, kisha akainama akatema mate ndani. Wengine walikohoa kwanza, wakavuta kutoka chini kabisa, wakatoa kitu kizito. Nilisikia kila kimoja kikitua. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho. Alitema bila kunitazama, mfuniko ukafungwa.

Niliona kinyaa mpaka meno yakaniuma.

Siku ya tatu, uvundo ulikuwa umejaa chumba kizima. Haukuwa ule wa nguo chafu, huo ni mwenzangu, tumezoeana. Huu ulikuwa wa kitu chenye mdomo. Nzi walijazana kwenye kioo cha dirisha kwa nje, weusi, wananguruma, lakini dirisha lilikuwa wazi na hakuna hata mmoja aliyeingia. Na pipa lilikuwa linajaa. Hakuna aliyetia maji. Mwanzo lilikuwa kavu, nguo tu. Siku ya nne nililigonga kwa ubao wa kufulia, nikasikia ndani...

Chubwi.

Jumamosi asubuhi mgeni alilifungua mwenyewe. Alizitoa jezi moja moja kwa fimbo yangu ya kugeuzia nguo, zinavuta utelezi kama bamia, na wanaume wazima wakazivaa hivyo hivyo zikiwa mbichi na za baridi. Winga alitapika kwenye sinki, akajifuta, akavaa. Jioni ile tulishinda moja bila. Jezi zikarudi pipani, na wiki iliyofuata mbili bila. Magazeti yaliandika kwamba klabu imempata kocha wa pumzi. Mimi nilijua tumepata nini, ila sikuwa na jina lake.

Wiki ya tatu, jezi ya nahodha ilitoka pipani ikiwa kavu.

Kavu, safi, imekunjwa. Iliyokuwa juu yake ilidondosha ute na iliyokuwa chini yake ilidondosha ute, lakini ile ilinukia sabuni, nami sabuni sikuwa nimeigusa siku ishirini. Wachezaji wakapiga makofi. Nahodha akaivaa akicheka, akasema bahati imemchagua yeye. Alicheza dakika tisini juani, na mwisho uso wake ulikuwa mkavu kama wa mtu aliyetoka kulala.

Jumatatu alianguka mazoezini. Hakufa. Hospitali walimpima, wakasema ni joto, wakamrudisha nyumbani. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa kitini, ngozi inatoa unga ukimgusa, anatabasamu kwa adabu kama mgeni. Niliinama nikamkumbatia nikivuta pumzi, nikitafuta kitunguu changu.

Hakuna kitu.

Mke wake alinisindikiza hadi mlangoni. "Dada," alininong'oneza, "nalala na nani? Mto haunuki. Shuka hainuki. Usiku nanyoosha mkono nahisi kama nimetandika kitanda cha dukani."

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya winga. Jezi kavu, ushindi, kiti cha nyumbani. Na Jumanne yake yule mgeni akanipita kwenye korido, ile ya kuelekea stoo ya mipira. Kibandiko cha bei kilikuwa bado kinaning'inia. Lakini sasa shingo yake ilikuwa inang'aa. Kwapa zilikuwa zimelowa. Alipopita nilipigwa usoni na harufu mbili ninazozijua kuliko jina langu.

Kitunguu kibichi. Na sarafu.

Nilishika ukuta. Yeye akageuka, akajifuta paji la uso kwa kidole, akakilamba taratibu, akaniambia, "Pole na kazi."

Ilibaki mechi moja. Tukishinda tunabaki ligi kuu, tukitoka sare tunashuka. Nilimwita mdogo wangu chumbani kwangu, Jumatano mchana, nikafunga mlango, nikamweleza yote. Nilitegemea atanicheka. Hakucheka.

"Najua," alisema.

"Basi usicheze. Sema unaumwa bega."

"Nikiumwa bega sasa hivi, nani atanisajili tena? Wewe?" Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, magoti yake marefu yakamfika kidevuni, kama alivyokuwa anakaa jikoni tukiwa wadogo. "Kwani linamchukuaje mtu? Linachagua vipi?"

"Sijui. Nadhani linachukua mwenye jasho jingi kuliko wote humo ndani."

Akanyanyua macho. Kwenye msumari nyuma yangu ilining'inia aproni yangu, ile ninayofutia uso na shingo tangu siku ya kwanza ya kazi. Chumvi imeikausha mpaka imekuwa ngumu kama bati.

"Basi wewe una jasho kuliko sisi wote," alisema. "Aproni yako inaweza kusimama yenyewe."

Tukacheka wote wawili. Nilifurahi kumwona anacheka, sitaficha. Nilidhani ni mdogo wangu amerudi.

Uamuzi wangu niliufanya Ijumaa. Walinzi walipokwenda kubadilishana zamu, giza likianza kuingia, nilijifungia chumbani na kipande cha sabuni na beseni la maji ya moto. Nilikuwa nimeamua kuitoa jezi namba moja, kuifua mara tatu, na kuificha kabatini mwake. Pipa lisipokuwa na kitu chake halitakuwa na pa kumshikia. Nilitafuta aproni nijifunge, msumarini haipo. Sikujiuliza. Nikafungua mfuniko.

Juu palikuwa na ngozi. Ute ulikuwa umeganda ukafanya ngozi ya manjano yenye vinyweleo, na ilikuwa inapanda na kushuka polepole. Joto lilinipiga kidevuni. Nilifumba macho, nikaitoboa kwa vidole, nikazamisha mkono hadi kwapani.

Ndani kulikuwa na uvuguvugu wa mdomo.

Nilipapasa. Soksi. Bandeji. Kitambaa kinene kilichojikunja, nikadhani ni taulo, nikakisukuma pembeni. Nywele, nyingi, ndefu, na timu nzima imenyoa vipara. Kisha kola yenye mshono wa kipa, ambao niliushona mwenyewe msimu uliopita. Nikavuta. Na kitu kule chini kikanishika kiganja, kikaanza kukizungusha... kwa utaratibu, kwa mazoea, kama mimi ninavyokamua nguo. Sikupiga kelele. Nilikanyaga ukuta kwa mguu nikavuta mpaka bega likalia, nikatoka na jezi na mkono mwekundu uliokunjamana kama wa maiti ya majini.

Niliifua mara tatu. Nilinusa mishono yote. Haikuwa na maziwa, haikuwa na kitu, ilikuwa sabuni tupu. Nikaipiga pasi, nikaiweka kabatini kwake, nikaenda nyumbani nikaoga hadi maji yakaisha tangini.

Jumamosi tulishinda. Dakika ya mwisho tulipigiwa penalti, na mdogo wangu akaruka kulia akaikumbatia kama mtoto mchanga. Uwanja mzima ulivirusha vichujio chini, ikasikika mvua ya bati. Mimi nilikuwa kando ya uwanja nimebeba ndoo mbili za maji kwenye jua kali, nalia kwa furaha. Nikainua kiwiko kujifuta jasho usoni.

Hapakuwa na cha kufuta.

Nilijigusa shingo. Kavu. Nikaingiza mkono kwapani, mbele za watu, bila aibu. Kavu, na unga kidogo. Nikajiambia ni ule mkono wangu, nilijitakia mwenyewe kuutia humo ndani. Ndipo yule mgeni akapita mbele yangu akielekea kushangilia na wenzake, amelowa chapachapa, suti imemganda mgongoni, na upepo ukaniletea harufu yake. Sabuni ya mche. Joto la pasi. Mafuta ya nywele ninayojipaka tangu usichana.

Nilikuwa najinusa mimi.

Nilitupa ndoo nikakimbilia chumba changu. Pipa lilikuwa wazi na tupu, kavu hadi chini. Chini kabisa ilikuwa aproni yangu, nyeupe kama siku niliyopewa, imekunjwa, imefungwa kwa kamba zake zenyewe. Niliingiza kichwa na mabega kuichukua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kile kitambaa kinene nilichokisukuma pembeni. Nikaitazama ile kamba. Ilizungushwa mara mbili, ncha imechomekwa kwa ndani.

Sijui nilikaa pale muda gani. Mdogo wangu aliingia bado amevaa glavu, amebebwa na wimbo wa mashabiki uliokuwa unamfuata koridoni. Aliniona na aproni mapajani. Akafunga mlango, wimbo ukapungua.

"Uliiweka lini?" nilimuuliza.

"Alhamisi."

"Mimi Ijumaa nimeingia humo kwa ajili yako."

Akatazama mkono wangu. Nikamwona anaelewa, na nikamwona anatamani asingeelewa. "Jumatano ile ile nilimwendea yule mgeni nikamuuliza," alinong'ona. "Alisema hufi, dada. Alisema mfuaji hahitaji jasho, anahitaji mikono. Nahodha si yuko hai? Mimi sina kitu kingine. Wewe unajua sina."

Kisha akapiga magoti akanikumbatia, analia kwa kwikwi, na jasho lake likaniingia shingoni, la moto, linanuka maziwa yanayochachuka. Jasho la mtoto niliyembeba mgongoni. Sikumsukuma. Alipotoka aliivua jezi akaniachia mkononi, kwa mazoea tu. Nami niliifua, kwa mazoea tu.

Sasa msimu mpya unaanza. Nzi hawatui tena mwilini mwangu. Mbwa wa jirani ananipita kama anayepita kiti. Mdogo wangu amesaini miaka miwili, ameninunulia aproni mpya na anatuma mtu kunijulia hali, mwenyewe haji. Jana jioni katibu aliwaleta wachezaji wote chumbani kwangu, wakapanga foleni tena mbele ya pipa, wakatema. Mdogo wangu hakuwepo kwenye foleni. Nasikia hilo liliandikwa kwenye mkataba wake, kwamba kipa hatatia kitu.

Lakini siku ile ya penalti alisahau glavu moja sakafuni, ya kulia, imelowa hadi ndani ya vidole. Ninayo kwenye droo, nimeifunga kwa fundo letu. Kila jioni nainusa, kisha nalitazama pipa. Sijaifua.