Plau Iliyoachwa Imelala Upande

Kila siku ya kulima, mimi na mume wangu tuliianza kwa kugombana. Si ugomvi wa chuki, la. Ulikuwa ugomvi wa plau.

Nyumbani tulikunywa chai kwa raha. Mume wangu, Baba Pacha, aliisifia chai yangu, nami nilimtania kwamba anatafuta kikombe cha pili. Halafu alichukua ufunguo kwenye msumari wa mlangoni, tukaenda shambani na trekta letu dogo. Tukifika kwenye plau ili tuifunge nyuma ya trekta, amani ilikwisha.

"Rudi!" nilikuwa nampigia kelele. "Rudi kidogo! Basi! Nimesema basi!"

Mume wangu hasikii vizuri. Aliendesha matrekta makubwa ya watu tangu kabla pacha wetu hawajazaliwa, na ngurumo zile ziliharibu masikio yake. Kwa hiyo nilizoea kusimama katikati ya trekta na plau, ili akigeuka anione. Plau ikikataa kukaa sawa, niliisukuma kwa goti. Tulisukuma, tukavuta, tukalaumiana. Jua lilipanda hatujalima hata mstari mmoja.

Siku moja trekta lilirudi nyuma zaidi kidogo. Paja langu likabanwa kati ya chuma na chuma. Nilimwita, hakusikia. Nilimwita tena. Ni bahati tu kwamba aligeuza shingo, akaona uso wangu, akasogeza trekta mbele.

"Vipi, mke wangu?"

"Hamna kitu. Nimejikwaa."

Nilimdanganya. Nilijikaza kisabuni, tukalima mpaka mchana.

Baada ya siku tatu alinikuta chumbani nakanda paja kwa maji ya moto. Alama ilikuwa nyeusi, pana kama sahani. Alisimama pale mlangoni, akaitazama, wala hakuuliza nimeipata wapi. Akakaa kitandani, akachukua kitambaa mkononi mwangu, akaanza kunikanda yeye.

"Uliniita?"

"Nilikuita."

"Mara ngapi?"

"Baba Pacha, yameshapita hayo."

"Ningekuua," alisema, "na nisingesikia."

Tangu siku ile ufunguo wa trekta haukurudi kwenye msumari. Ulikaa mfukoni mwa shati lake. Alisema hatakaa tena kwenye kiti cha trekta mimi nikiwa shambani. Na mimi nisipokuwepo, peke yake hawezi kuifunga plau. Basi ndiyo ikawa hivyo. Mawingu yakaanza kujikusanya. Majirani wote walikuwa wamelima. Yeye alikaa kwenye ngazi ya mlango, akitazama barabara.

Shamba liliniumiza kichwa, nisiseme uongo. Lakini kilichoniumiza moyo ni ule ukimya. Miaka thelathini tumelima pamoja. Niliona nampoteza mwenzangu wa kazi, naye yuko mzima, amekaa mbele yangu.

Ndipo nikaenda kwa jirani yetu, fundi wa matrekta. Ni mwanamke, umri wa pacha wetu. Watu wanamwita Grisi, maana hata akivaa nguo za sherehe, kucha zake zinamsema. Nilimweleza kila kitu, mpaka ule uongo wangu wa kujikwaa. Alinisikiliza, akafuta mikono, akachukua kopo la rangi nyeupe.

Tulipofika nyumbani alimsalimu mume wangu kwa heshima, kisha akauliza kwa sauti kubwa, "Baba, plau iko wapi?"

"Shambani. Pale tulipoishia."

Tulikwenda watatu. Plau ilikuwa imezama kwenye udongo laini, imelala upande. Grisi aliizunguka, akatikisa kichwa.

"Huwa mnaiacha hivi?"

"Tukimaliza tunakuwa tumechoka, mwanangu," nilisema. "Tunaifungua hapohapo, tunaenda zetu nyumbani."

"Basi taabu mnaitengeneza wenyewe, mama. Kazi ya kufunga inaanza siku ile mnapofungua. Mkiiacha imepinda, kesho mtaikuta imepinda. Chuma hakijinyooshi usiku."

Mume wangu alikunja uso. "Mimi nimeendesha matrekta kabla hujazaliwa."

"Najua, baba. Lakini kule ulikuwa na vijana wanne wa kukufungia. Leo vijana wanne ni mama peke yake."

Baba Pacha alicheka kidogo. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu aone paja langu. Akaingiza mkono mfukoni, lakini ufunguo hakuutoa.

"Nitalileta trekta kwa sharti moja," alisema. "Huyu akae mbali."

"Hilo ndilo la kwanza nililokuja kusema," Grisi akajibu. "Trekta likirudi nyuma, asiwepo mtu katikati. Hata kidogo. Mama, unapendwa sana, lakini trekta halijui."

Kabla trekta halijaja, mimi na Grisi tuliinyanyua plau kwa mtaimbo, kidogo kidogo, tukaiwekea mbao chini mpaka ikakaa sawa. Grisi akapaka mstari mweupe katikati ya plau. Trekta lilipofika na kuzimwa, akapaka mstari mwingine katikati ya mgongo wake.

"Baba, rudi polepole. Mstari utazame mstari. Ukifika, vuta breki ya mkono, zima injini, ndipo ushuke."

Alirudi. Miguu yangu, kwa mazoea, ikaanza kwenda katikati. Wote wawili waliniita kwa pamoja. Nikarudi pembeni na aibu yangu.

Mistari ikakutana. Akavuta breki, akazima, akashuka. Grisi akamwonyesha ile mikono miwili ya chini ya trekta, inayonyanyua plau.

"Anza na wa kushoto. Huu hauna cha kurekebisha, kwa hiyo ndio unaoutafutia nafasi kwanza. Halafu wa kulia. Huu una kishikio. Ukikizungusha, mkono unapanda au unashuka mpaka ulingane na pini. Mwisho mkono wa juu. Nao unauzungusha, unarefuka au unafupika. Na kila pini ifungwe kwa kipini chake kidogo, isichomoke njiani."

"Na ikikosa kufika kwa upana wa kidole kimoja?" mume wangu aliuliza.

"Injini ikiwa imezimwa, isogeze kwa mtaimbo. Ikikataa, mama akae pembeni, wewe panda urudi upya. Goti la mama si kifaa cha trekta."

Baba Pacha alinitazama. Akanishika bega.

Kisha Grisi alitufundisha kufungua. Tuliipeleka plau nyumbani, kwenye ardhi ngumu iliyo tambarare, karibu na banda. Mume wangu aliishusha taratibu juu ya mbao, akavuta breki, akazima. Akafungua mkono wa juu kwanza, kisha wa kulia, kisha wa kushoto. Vipini vyote akavirudisha mahali pake. Plau ikabaki imesimama sawa, inatusubiri.

Asubuhi iliyofuata tulijaribu wenyewe. Mimi nilisimama pembeni, mbali, karibu na nguzo ya ua, pale anaponiona vizuri kutoka kwenye kiti. Nilishika kitambaa chekundu. Kikishuka, aje. Kikipanda juu, asimame hapohapo. Aliporudi mara ya pili, mistari ikakutana. Kushoto, kulia, juu. Chai niliyomwachia kwenye kikombe ilikuwa bado ya moto.

Alinywa huku ananitazama juu ya kikombe.

"Mbona leo hujanipigia kelele?"

"Ungesikia?"

"Nisingesikia," alisema. "Lakini nilikuona muda wote."

Tulilima siku mbili, tukamaliza. Mvua ya kwanza ilinyesha jioni ya siku ya tatu, shamba likiwa limeshageuzwa lote. Tulikaa mlangoni tukiisikiliza, yaani mimi nikiisikiliza na yeye akiitazama. Aliuliza kama paja bado linauma. Nilimwambia ukweli, kwamba linauma kidogo nikiinama. Akasema kesho atanikanda tena. Kisha akainuka, akatoa ufunguo mfukoni mwa shati, akautundika kwenye msumari wake.